Bunduki ya Vipira Kisiwani Ngumi

Binti yangu aliiona kabla yangu. Ilikuwa imetundikwa kwa uzi mlangoni mwa duka, kati ya maputo na miwani ya plastiki, siku mbili kabla ya Idi, na kila upepo wa bahari ulipoingia sokoni iligeuka taratibu, ikatuelekea, ikatupa kisogo, ikatuelekea tena. Bunduki nyeusi, ndefu kama mkono wangu. Pembeni yake kilining'inia kifuko cha vipira vyeupe, vidogo kama punje za mtama, ambavyo ndivyo risasi zake.

"Baba, ile," akasema.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na tulikuwa tumekaa pamoja siku tisa mfululizo, nyingi kuliko siku zozote tulizowahi kukaa tangu ajue kutembea. Anaishi Mombasa na mama yake. Mimi huishi pale ninapofika. Nimepika kwenye meli za mizigo, nimepaka rangi nyumba za watu Unguja, nimebeba magunia bandarini Salala, na kila nilipoanza kuzitambua sauti za mtaa, yupi anakohoa na yupi anauza maziwa, nilifunga mfuko wangu. Safari hii nilikuwa nimerudi Kismayo kwa dada yangu, na mama mtu, baada ya miaka ya kukataa, alikuwa amekubali mtoto aje aione Idi ya kwetu na Ngumi, kisiwa nilichozaliwa.

Nilimwambia mwenye duka tutarudi, kwa sauti ya mtu asiyejua kama atarudi.

Nyumbani kwa dada, wanawe watatu walikuwa nazo tayari. Ndivyo Idi ilivyo Kismayo siku hizi: nguo mpya, halwa, bunduki ya plastiki. Dada alikuwa na sharti moja. "Mlango huu ndio mwisho," alisema, akiugonga kwa mwiko. Nje, kwenye kona, kuna askari, na askari akiona kitu cheusi kinachungulia nyuma ya ukuta hana nafasi ya kuuliza kama kimetoka dukani. Basi vita vyote vilipiganwa uani, chini ya kamba za nguo, nyuma ya pipa la maji. Binti yangu, kwa kuwa hakuwa na silaha, alipewa kazi ya kufa. Alikufa mara nne kabla ya adhuhuri. Mara ya tano akagoma.

"Nimechoka. Kila siku maiti ni mimi."

"Basi kuwa daktari," mpwa wangu mkubwa akamwambia.

"Nimtibu nani, na maiti wote ni mimi?"

Nikamfuata dada jikoni. "Umewaachiaje hawa?"

"Nimewaachiaje? Baba yao kaleta. Nikiwanyima wataazima kwa jirani, na jirani hana mlango." Alifunika sufuria. "Mnunulie au mnyime, lakini usimwache pale kizingitini kama mwombaji."

Nikampigia mama yake Mombasa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Uko naye wewe," akasema. "Amua wewe."

"Nakuuliza maoni tu."

"Na mimi nimekujibu. Miaka kumi na mmoja naamua peke yangu, homa, shule, viatu. Amua moja."

Mchana ule, baada ya sala, nililala kwenye mkeka barazani. Joto la Kismayo saa zile halimwachi mtu alale wala akeshe. Huwa unaelea tu katikati. Nikajiona Ngumi, mdogo, tukiokota vipande vya mianzi ambavyo bahari ilivitupa ufukweni. Tulivikata urefu wa shubiri mbili, tukachonga kijiti cha kusukumia, tukatafuna karatasi za madaftari mpaka zikawa uji, tukazishindilia. Ukisukuma kwa nguvu karatasi ilitoka kwa kishindo kitamu, *po*, na aliyepigwa alianguka mchangani akicheka. Bado naijua ladha ya karatasi ile, wino na chumvi. Jua lilikuwa jeupe, maji yalikuwa meupe, na sisi tulikuwa tukipigana na adui ambaye hatukuwa na haja ya kujua jina lake.

Nilipoamka nilikuwa nimeshaamua. Mjini ni hatari kwa sababu ya askari, niliwaza. Kisiwani hakuna askari, hakuna kona, hakuna ukuta wa kuchungulia. Kule ndiko mahali pake. Nikaenda kuinunua, na nilimpa kwa masharti mawili: hamwelekezei mtu usoni, na haitoki mfukoni mpaka tufike Ngumi. Alinikumbatia kiunoni. Sikumbuki kama aliwahi kunikumbatia kabla ya hapo pasipo kuambiwa na mama yake.

Idi pili tuliondoka alfajiri kwa boti ya faiba, sisi wawili na nahodha, na magunia ya unga na sukari na halwa ya shangazi yangu, dada wa marehemu baba, aliyekuwa hajawahi kumwona mwanangu. Bahari ilikuwa imetulia kabisa. Mashine iliimba sauti moja tu, mpaka masikio yakaacha kuisikia. Tulipita Fuma kwa mbali, kijani juu ya bluu, kisha visiwa vingine vilivyoonekana kama havijagusa maji, vikielea kidogo juu yake kwa sababu ya mvuke wa joto. Binti yangu alikaa mbele, omoni. Upepo ulipozidi alijifunga mtandio wake mweusi kichwani na usoni, yakabaki macho. Nilisinzia. Niliwaza nitakavyomwonyesha kila kitu, kisima, msikiti, jiwe tulilorukia, na jinsi watu watakavyoshuka ufukweni kutupokea.

Maana kwetu chombo hakitii nanga bila watu. Aliyeko ufukweni, mkubwa kwa mdogo, huacha alilokuwa akifanya na kuja kushika kamba, wala haombwi. Aliyeshika kamba hapati shukrani, hupata samaki. Siku ya Idi hupata halwa. Nilikuwa nimempakia binti yangu sinia zima aligawe kwa mkono wake, wamjue.

Nahodha akapunguza mashine. "Ufukwe mtupu," akasema.

"Labda wamelala."

"Idi pili, watu walale?"

Nikasimama. Niliona moshi wa jiko. Niliona kitu cha rangi, nguo ya mwanamke, kikipita kati ya nyumba mbili na kupotea. Ndipo nahodha, aliyekuwa nyuma kabisa na magunia mbele yake, akanyoosha shingo.

"Bwana, mtoto wako kashika nini?"

Alikuwa amesimama omoni. Alikuwa ameona nyumba, akajua tumefika, akatimiza sharti langu kama nilivyolisema: bunduki ilikuwa nje ya mfuko, begani, mtutu juu. Na uso wake umefungwa nguo nyeusi.

Mimi niliondoka kisiwani na mashua ya kwanza, mwaka ule serikali ilipoanguka, nikiwa mtoto. Yaliyofuata nilisimuliwa: watu waliokuja kwa boti wakiwa wamejifunga nyuso, wakachukua mashine za vyombo, nyavu, mabati, hata hereni masikioni mwa wanawake. Nilisimuliwa kwenye kambi ya wakimbizi, nikasimuliwa tena Mombasa, nikayajua kama mtu anavyojua historia ya shule. Waliokaa na waliorudi waliyajua kwa miguu. Miguu yao ilikuwa imekimbia kabla hawajafikiri.

Tulivuta boti sisi watatu. Juu, kati ya nyumba, sufuria ilikuwa ikichemka peke yake, na kandambili moja ya mtoto ilikuwa katikati ya njia. Binti yangu alikuwa ameshafungua mtandio. Aliishika bunduki kwa vidole viwili, mbali na mwili, kama mtu aliyeshika panya.

Nikapiga hodi kwa shangazi. Nikataja jina la baba yangu, la babu yangu, na la mama yake babu.

"Mko wangapi?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Watatu, shangazi. Mimi, nahodha na binti yangu."

"Na yule wa bunduki?"

"Ndiye binti yangu."

Nikasikia komeo likiguswa, kisha likaachwa.

"Ni ya mchezo, shangazi. Ya Idi."

Mlango ukafunguka upana wa kiganja. Nililiona jicho lake moja, likinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Mchu mzima wewe," akasema, kwa matamshi ya kisiwani: mtu mzima mimi.

Nilitamani anitukane zaidi ya hapo. Alimtazama mtoto, akafungua mlango wote, akamwita aje, akamvuta kifuani, akamnusa utosi. "Ndoo, mwanangu. Ndoo." Kisha akanyoosha mkono aipewe. Aliipima, akaitikisa, vipira vikalia ndani.

"Nyepesi," alisema. "Zile zilikuwa nzito. Walikaa hapa, wakala wali wetu. Wakati wa kunawa mikono walimpa mwanangu awashikie moja. Alikuwa umri wa huyu. Akaipenda. Siku ile nzima alitembea nayo, akicheka. Walipoondoka, akapanda nao."

"Akarudi?" binti yangu akauliza.

"Bado," shangazi akasema, akamrudishia bunduki yake.

Watu walitoka mmoja mmoja, kwanza watoto, kisha wanawake, na aibu ya kukimbia ikageuka kicheko.

"Tumekimbia plastiki!"

"Mimi nimeacha wali wangu motoni. Sasa ni makaa. Mgeni, utakula makaa!"

"Na wewe, si unasema magoti yanauma? Nimekuona ukiruka ua kama mbuzi!"

"Yanauma nikitumwa. Nikikimbia hayaumi."

Binti yangu aligawa halwa. Mikono ilipokea, midomo ikasema Idi njema, na wengine wakamshika shavu. Lakini nilimwona mwanamke mmoja akipokea huku macho yakiwa begani mwa mtoto, pale bunduki ilipokuwa imening'inia.

Asubuhi iliyofuata watoto wa kisiwa walikuwa wamepanga foleni nje ya nyumba. Wao hawakuwahi kukimbia kitu chochote kabla ya jana. Walipanga vifuu juu ya jabali, na binti yangu, jenerali wao, akawapa kila mmoja vipira vitatu. Zamu yake ilipofika aliegemeza shavu, akafumba jicho moja. Kifuu kikadondoka. Kingine. Kingine. Wakapiga kelele jina lake, naye akageuka kunitafuta kwa macho, na uso wake ulikuwa na mwanga ambao sijapata kuuona, si kwenye picha nilizotumiwa mimi, baba wa mbali, wala siku ile dukani. Maji nyuma yake yalikuwa meupe kama yale ya utotoni mwangu. Nilihisi nimelala na ninaota, na kwamba nikikaa kimya vya kutosha ndoto itaendelea mpaka jioni.

Shangazi alikuwa kizingitini pake akichambua mchele. Kila kifuu kilipodondoka, mkono wake ulisimama juu ya ungo, kisha ukaendelea.

Nilikaa pale muda mrefu. Nilijiambia mwanzi wetu ulikuwa bunduki pia. Nilijiambia mtoto aliyekatazwa hutamani zaidi, na kwamba vipira vya plastiki havimpandishi mtu botini. Huenda yote hayo ni kweli. Lakini nilimtazama tena akifumba jicho, nikajua siwezi kumwacha aizoee kwa sababu tu napenda anavyonitazama.

Nikamwita kando.

"Hiyo haturudi nayo," nikasema. "Na leo ndiyo mwisho wake."

Hakuelewa mara moja. "Kwa nini? Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu."

"Umeninunulia mwenyewe."

"Ndiyo. Nilikosea."

"Shangazi amekataza?"

"Hajakataza."

"Nahodha?"

"Hapana."

"Sasa nani amekataza?"

"Mimi."

Machozi yalimtoka bila sauti. Aliiweka mchangani, miguuni pangu, polepole, ili nione hakuitupa. Nahodha, asiyependa kitu kipotee, alileta bisibisi, akaifungua, akachukua springi na skrubu, na mabaki akayatia ndani ya kiroba yasije yakaenda baharini. Binti yangu hakutazama.

Njia nzima ya kurudi alikaa na kisogo kwangu. Nilimpa maji, akayachukua. Nilimpa mkate, akamega sehemu yake na kunirudishia uliobaki, bila kugeuka. Jua lilikuwa kali, visiwa vikaelea tena, na mimi sikupata usingizi. Tulipoanza kuziona nyumba za Kismayo ndipo aliposema.

"Nitawaambia kina kaka kuwa wewe mwoga."

"Waambie."

"Nitawaambia uliogopa plastiki."

"Hivyo hivyo. Waambie."

Akanitazama kuona kama nafanya mzaha.

Aliwaambia kabla hajavua viatu, akiwa bado mlangoni, kwa sauti iliyofika jikoni. Dada akacheka kwa nguvu, kisha akaacha. Wapwa zangu watatu walisimama uani na bunduki zao, wakinitazama kwa huruma, kama mgonjwa.

"Kweli, mjomba?" mdogo wao akaniuliza.

"Kweli," nikamwambia.