Chungu cha Kukhu Kilipokwenda Toharani

Wazo la chumba cha kutazamia vitu lilinijia Kitale, nikiwa nimeshika kamba ya ng'ombe. Baba yangu alikuwa mkamuaji kwa mlowezi mmoja upande wa Endebess, na ng'ombe wa tajiri wakipelekwa kwenye maonyesho, mimi ndiye niliyekwenda kuwashikilia. Hapo nikaona watu wazima, na kofia zao na glavu, wamepanga foleni kutazama keki, maua na picha za kuchorwa. Hawali, hawanunui. Wanatazama, wanasema maneno mawili, wanasogea. Nimesoma hadi darasa la nne tu, lakini jambo hilo sikuhitaji mwalimu. Nikajiambia, kwetu Bungoma kuna vyungu vinavyozishinda keki hizi mbali sana.

Baadaye nikapata kazi ya kupiga pasi kwa fundi cherehani mmoja mjini Bungoma, karibu na msikiti. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba kitupu, nikamwomba. Fundi alikuwa Mwislamu, mzee wa kanzu safi na maneno machache. Aliuliza nitauza nini humo. Nikamwambia siuzi kitu, watu watakuja kutazama. Akashona upindo mzima wa suruali kabla ya kunijibu. Akasema nikitumie, ila harufu ya pombe isiingie, maana ukuta wa chumba kile ndio ukuta wa mahali anapotandika mkeka wake wa kusali. Nikakubali mara moja. Mimi ni mtoto wa misheni, pombe na mimi wapi.

Nikazunguka kwa baiskeli ya fundi, Kimilili, Kiminini, hata vijiji visivyo na barabara, nikiomba watu waniazime vitu vyao. Nilirudi na viti vya miguu mitatu, vikapu, vibuyu na vyungu. Ukutani nikabandika michoro yangu ya makaa, mingi ikiwa ya ng'ombe, kwa sababu ng'ombe ndio niliowajua. Paa lilivuja pembe moja, basi hapo nikaweka kibuyu.

Siku za soko watu waliingia. Kina mama walitua mizigo mlangoni. Wanaume walikalia viti vya maonyesho nikawa nawainua kwa adabu. Mmoja aliniuliza, "Ati nimeacha kiti kama hiki nyumbani, nikatembea mpaka hapa kukitazama?" Wenzake wakacheka. Lakini alibaki pale mpaka soko likaisha.

Kilichowavuta zaidi kilikuwa chungu cha Kukhu. Si bibi yangu wa damu. Alikuwa mfinyanzi mzee kutoka Kimilili, na kila mtu alimwita Kukhu, yaani nyanya. Chungu chake kilinifika kiunoni, chekundu, shingo yake imezungushwa alama za kamba iliyobonyezwa udongo ukiwa mbichi. Hata fundi alikuwa akija na utepe wake shingoni, anasimama mbele yake, halafu anarudi kwenye cherehani.

Mwaka ule ulikuwa wa tohara. Agosti ilipokaribia, Kukhu akafika na mkeka wa kubebea.

"Nimekuja kuchukua chungu," akasema.

"Kukhu, si ulikileta kikae?"

"Nilikileta kikae mpaka kazi ipatikane. Mjukuu wangu anaingia tohara. Ama unataka nipike pombe ya busaa kwenye kofia yako?"

Ningemkatalia vipi? Chungu ni chake, mjukuu ni wake. Nyuma yake wakaja wenye vyungu wengine, kila mtu na kijana wake wa kutahiriwa na wageni wa kunyweshwa. Chumba kikabaki na viti na ng'ombe wangu wa makaa. Watu walichungulia mlangoni, wakaniuliza kama nimefilisika.

Sherehe zilipokwisha, vyungu vyote vikarudi, wenyewe wakaniambia wamevisuuza. Nilifurahi sana, nikavipanga nikiimba. Adhuhuri fundi alisimama mlangoni, hakuingia.

"Kijana, tuliongea nini?"

"Hakuna pombe ndani, Mzee. Ni vyungu tu."

"Nimeisikia harufu yake nikiwa kwenye mkeka."

Hakugomba. Alisema kufikia Ijumaa vyungu vitoke, ama chumba akifunge aweke mahindi. Kwangu yote mawili yalikuwa mamoja. Bila vyungu nani angekuja kutazama ng'ombe wangu? Nikavisugua kwa majivu na maji ya moto mpaka vidole vikachubuka. Harufu ikabaki. Nikapanda baiskeli kwenda Kimilili.

Kukhu alicheka mpaka akafuta macho. "Unafua chungu kama shati, bana? Udongo umekunywa. Hiyo inatolewa na moto." Alisema vichomwe upya, kama siku vilipozaliwa. Halafu akaacha kucheka. Chungu kikubwa kilikuwa kimefanya kazi nyingi, na kama kina ufa ndani, moto utakimaliza.

Nikamwambia basi changu kisichomwe, nitakificha mahali.

"Tangu lini kikawa chako?" akasema. "Chako ni chumba. Mimi nataka chungu changu kionekane."

Wenye vyungu wengine nao walikubali. Alhamisi Kukhu akaja na mzigo wa nyasi kavu. Alivipasha joto polepole nyuma ya duka, akavifunika kwa kuni na nyasi, akawasha. Watu wakatoka msikitini, wakatoka dukani, wakasimama kuzunguka ule moto. Sijapata watazamaji wengi kiasi hicho tena. Moto ulipokuwa mkali tukasikia mlio mmoja, kama ubao uliokatika. Kukhu hakugeuza uso. Alijua ni kipi.

Vilipopoa, fundi alivua kofia yake, akaingiza kichwa katika kila chungu, kimoja baada ya kingine. Akafika kwa kile kikubwa, kilichopasuka vipande, akasimama.

"Pole, mama. Sikutaka hivi."

"Hata mimi sikutaka," Kukhu akasema. "Lakini sasa hakinuki."

Chumba hakikufungwa. Kukhu aliokota kitako cha chungu chake, akakifunga kwenye mkeka akaenda nacho. Juu ya kitako hicho ndipo alipozungusha udongo wa chungu kipya. Alikileta baada ya mavuno, na fundi mwenyewe alitoka kumtua. Palepale mlangoni Kukhu akaniambia nisikizoee sana, ana mjukuu mwingine, na tohara inaruka mwaka mmoja tu.

"Basi kikirudi, kuni za kukichoma nitatoa mimi," fundi akasema.

Mwaka wenyewe ndio huu. Kuni ziko nyuma ya duka, na nimezifunika kwa magunia mvua isizifikie.