Komeo na Kibao cha Mlangoni

Wenzake walimwita Komeo, na jina hilo alilitolea jasho. Miaka kumi na tisa alikalia kiti kimoja kwenye mlango wa wodi ya wazazi, na katika miaka hiyo yote hakupita mtu nje ya saa za kuona wagonjwa, alie, abembeleze au ataje cheo chake. Siku moja shemeji wa mganga mkuu alimjia juu na kumtajia wakubwa wa kila namna. Komeo akamwonyesha saa ya ukutani, akaendelea kumenya chungwa lake. Saa sita mchana mpaka saa saba, basi. Msije mkadhani alikuwa na roho mbaya, hapana. Alikuwa mtu wa mlango.

Sasa, wakaja madaktari wapya kutoka mbali, Kiswahili hawajui hata cha kuombea maji. Uongozi ukatangaza kwamba walinzi wote wa wodi watafundishwa Kiingereza cha kuruhusu na kukataza, mwezi mzima, kila baada ya chakula cha mchana, kwenye bwalo la wafanyakazi. Atakayeshindwa mtihani atahamishiwa lango la nyuma, kunakopitia mashuka machafu na takataka. Lango la nyuma! Huko utampa nani hongera? Maana watu hawakujua kwamba mzee huyu mgumu aliishi kwa hongera. Kila baba aliyetoka pale akichekacheka peke yake, Komeo ndiye aliyekuwa wa kwanza kumshika mkono, na siku hiyo hata chai yake ilikuwa tamu zaidi.

Mwalimu alikuwa binti mwembamba, rika la kitindamimba wake. Aliandika maneno manne ubaoni: can, could, may, might.

"Can ni kuweza," akasema. "Tena ni kuruhusu, mkiwa mmezoeana. May ni ruhusa ya heshima. Tena ni labda."

Komeo akanyoosha mkono. "Mwalimu, ngoja kidogo. Neno hilohilo ni ruhusa, na hilohilo ni labda?"

"Ndiyo, baba. Inategemea sentensi."

"Sasa nikimwambia mtu 'you may come in', nimemfungulia, au nimebahatisha tu kwamba huenda akaingia?"

Bwalo zima likavunjika mbavu. Mlinzi wa wodi ya mifupa alicheka mpaka akashika meza. Lakini jamani, Komeo hakuwa anatania, alitaka kujua!

"Mlangoni kwangu hakuna labda," akasema kwa uchungu. "Kuna kuingia na kuna kusubiri. Na hiyo could?"

"Ni ya kuombea kwa upole. Ila ukiombwa kwa could, usiruhusu kwa could. Ruhusu kwa can au may."

"Kwa nini?"

"Ndivyo wanavyosema wenyewe, baba."

"Na might?"

"Might ni labda iliyopungua."

"Imepungua kiasi gani?"

Mwalimu akatazama dirishani. "Kiasi cha kutosha," akasema.

Komeo akarudi nyumbani hajui kushoto wala kulia. Aliyabandika maneno manne kwenye kabati la vyombo, akawa anayakariri huku anafunga viatu, huku anapiga mswaki. Mkewe hakumwacha apumue.

"Baba watoto, leo nikuombe sukari kwa lipi? La heshima au la mazoea?"

"Omba kwa Kiswahili, mama, nisije nikakunyima bila kujua."

Wakacheka. Kisha mke akasema taratibu, "Na hilo lango la nyuma, kwani lina ubaya gani? Si ungepumzika?"

Komeo akayageukia maneno yake kabatini, na mke hakurudia, maana wote wawili walijua. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa nyuma ya mlango uleule, kabla Komeo hajaajiriwa pale. Mlinzi wa wakati huo, mzee mmoja mkali, alimsimamisha nje tangu alfajiri. Mtoto akaja saa tatu. Akaondoka duniani saa tano. Saa sita kamili Komeo akaruhusiwa kuingia. "Ni sheria," mlinzi alimwambia, na Komeo akaipokea, angefanyaje? Alipokuja kupewa kiti kile yeye mwenyewe, aliishika sheria ile kwa mikono miwili. Kama ilimbana yeye siku ile, basi na iwabane wote. Ikilegea kwa mtu mmoja tu, moyo wake ungeuliza maswali ambayo asingeyaweza.

Siku ya mtihani ikawa Ijumaa, saa nne asubuhi, kila mlinzi kwenye mlango wake. Kwenye benchi la nje aliketi fundi magari mmoja, mikono bado ina grisi, mkewe yumo ndani na uchungu wa mtoto wa kwanza. Alikuwa pale tangu alfajiri. Mara tatu alikuwa ameomba, na mara tatu Komeo alimjibu, "Saa sita, mwanangu."

Mwalimu akaja na sista mkuu, ambaye alishika karatasi ya alama.

"Good morning," akasema mwalimu. "May I come in?"

Komeo akatazama saa ya ukutani. Wallahi, mtihani wote ulimtoka kichwani. Akasimama, akauzibia mlango kwa kifua. "No. You may not. Saa sita."

"Could I come in, please?"

"No, you cannot!"

Mwalimu akamnong'oneza, "Baba, ni mtihani tu."

"Hata mtihani una saa zake."

Sista mkuu akaziba mdomo kwa karatasi, mabega yanamtikisika. Mwalimu akasema majibu yote ni sahihi, na limebaki swali moja. "Soma pale juu, mstari wa mwisho."

Juu ya kiti palikuwa na vibao viwili. Kimoja cha Kiswahili, cha rangi, kilichotaja saa sita hadi saa saba. Kingine cha shaba, cha Kiingereza, cha tangu hospitali ijengwe. Kila Jumatatu Komeo alikisugua kwa kitambaa mpaka kikang'aa. Kila mtu alijua kwamba vibao vinasema mamoja, sasa nani asome mara mbili?

Akavaa miwani, akasoma neno moja moja: "The guard may admit one relative of a woman in labour at any hour."

"Vizuri sana. Yaani mlinzi, ndugu mmoja wa mwanamke mwenye uchungu, kumwingiza, saa yoyote. Sasa hiyo may ni ya ruhusa au ya labda?"

"Ya ruhusa," akajibu haraka, maana alikuwa amesoma kwelikweli.

"Sawasawa!" Sista mkuu akatia alama. "Umefaulu. Hutoki hapa."

Komeo alibaki ameangalia juu. "Ruhusa ya nani?"

"Ya mlinzi, baba."

"Mlinzi yupi?"

"Wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu kibao kiwekwe."

"Hata mimi nilidhani ni saa zilezile," akasema sista mkuu, uso umemshuka.

Komeo akavua miwani, akaivaa tena. Maneno yalikuwa palepale. "Na yule aliyekaa hapa kabla yangu? Naye aliruhusiwa?"

"Naye pia," akasema mwalimu, asijue anajibu nini.

Fundi magari akaja kwa mara ya nne. "Mzee, bado tu?"

Komeo akavuta komeo. Likakwama, akalivuta tena. "Ingia."

Fundi akatazama saa. Saa nne na nusu. Hakuamini. "Naruhusiwa?"

"Uliruhusiwa tangu alfajiri, mwanangu. Kimbia!"

Viatu vikalia sakafuni mpaka kona ya mwisho. Sista mkuu akamnyooshea Komeo mkono.

"Hongera," akamwambia.

Akautazama ule mkono, asijue aufanye nini.