Zumari Aomba Radhi kwa Simu

Jina la Zumari alibandikwa na wauguzi, likamganda. Alikuwa mpokea simu wa kampuni yenye zahanati kumi na moja, na sauti yake ilikuwa laini hivi kwamba aliyepiga kwa hasira alijikuta anaomba msamaha. Kampuni ilipoanza kuwapigia wagonjwa simu zenye ujumbe uliorekodiwa, hapakuwa na haja ya kuuliza nani aurekodi.

Siku moja meneja wa matangazo alimletea karatasi. Zumari akaisoma bila kujiuliza: "Mpendwa mgonjwa, daktari wako hayumo tena katika bima yako. Hamia zahanati yetu kabla ya Ijumaa, usije ukakosa matibabu."

Wiki mbili baadaye alikwenda kumjulia hali shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni. Alimkuta miguu imevimba, kopo la dawa za presha tupu.

"Shangazi, mbona hukwenda kwa daktari wako?"

"Si wewe uliyenikataza?"

"Mimi?"

"Ulinipigia. Nikakuuliza watoto hawajambo, wala hukujibu, ukashikilia daktari, daktari. Nikasema, huyu hawezi kunidanganya. Huko kwenu nao wakanipangia mwezi ujao."

Zumari akaikumbuka karatasi ile. Akampeleka shangazi kwa daktari wake siku ileile. Daktari alikuwepo, na bima ilimtambua kama kawaida. Hakuna siku aliyotolewa.

Asubuhi alimkabili meneja.

"Mazungumzo ya kumtoa daktari huyo kwenye bima yalikuwepo," meneja alisema. "Sisi tumewahi tu. Tangazo ni tangazo, dada."

"Mtu akidanganywa kwa sabuni, atafua tena. Mwenye presha atafua nini?"

Meneja akacheka. Zumari hakucheka. Alichukua karatasi ile na simu ya shangazi aliyoiazima, inayorekodi kila anayepiga, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu ya jengo la serikali, kwenye ofisi inayosimamia matangazo ya hospitali. Alijua kazi yake huenda ikaota mbawa.

"Una ushahidi gani kwamba ujumbe ulitoka kwenu?" afisa aliuliza.

"Unazungumza nao."

Afisa akausikiliza ujumbe kwenye simu ya shangazi, akamtazama Zumari, akavuta faili jipya.

Uchunguzi ulichukua miezi mitatu. Muda wote huo Zumari alihamishiwa stoo kupanga mafaili ya zamani, na wenzake wengine walimkwepa kama mwenye upele. Hakununa. Aliyapanga mafaili vizuri kuliko yalivyowahi kupangwa.

Hatimaye amri ikatoka: kampuni isitume ujumbe kwa mgonjwa kabla ofisi ile haijausoma, kila ujumbe umwambie wazi kwamba ana haki ya kubaki na daktari wake, na wote waliopigiwa wapelekewe masahihisho. Kampuni ikataka kutafuta sauti nyingine. Zumari akakataa katakata.

"Waliniamini mimi. Mimi ndiye nitakayewarudisha."

Mwanasheria wa kampuni alilifuta neno "samahani." Afisa akalirudisha.

Ujumbe ukaenda. Jioni Zumari akamuuliza shangazi kama ameusikia.

"Nilikata," shangazi alisema. "Nilidhani unadanganya tena."

Maneno hayo yalimchoma. Kesho yake aliomba orodha ya waliokata simu, watu mia mbili na ushee, akaanza kuwapigia mwenyewe, mmoja mmoja. Wapo waliomtukana hadi wakachoka, naye akasubiri wamalize ndipo aeleze. Bibi mmoja alimtaka arudie mara tano, kisha akamkabidhi mumewe asikilize naye. Wanane hakuwapata kabisa, na hadi leo akiwataja huinamisha kichwa.

Meneja yule aliondoka. Zumari alirudishwa kwenye chumba cha simu, na sasa akiletewa karatasi ya kurekodi huuliza kwanza nani amehakikisha yaliyomo. Asiporidhika, huirudisha ilikotoka. Meneja mpya huwa anampigia kabla hajaandika.