Kiti Kitupu cha Sikujua

Msusi asiyejua siri ya kiti huyo bado hajafika Durban. Panda ngazi za saluni yoyote ya Broad Street, kule Wakongo wanakosuka tangu saa mbili asubuhi, utakuta viti vimejaa kabla wateja hawajaamka. Usidanganyike! Nusu ya hao waliokaa ni marafiki wa wasusi. Wameitwa wakae tu, washikwe-shikwe nywele, na malipo yao ni soda moja. Mteja akichungulia akaona kiti kitupu, anapita zake. Akiona kimejaa anaingia, anasema hapa pana mkono. Kila saluni inafanya hivyo, na sijasikia hata siku moja mtu ameitwa mwizi kwa sababu hiyo.

Sasa sikilizeni walivyomfanya Sikujua.

Sikujua alitoka Uvira na kitana chake, na kwa miaka minne alikodi kiti kwa Mama Zilpah, Mkenya mwenye saluni kubwa. Kukodi kiti ni utumwa wa kistaarabu. Mteja aje asije, mvua inyeshe isinyeshe, Jumamosi Mama Zilpah amenyoosha mkono. Basi mwaka 2012 Sikujua akaona chumba ng'ambo ya barabara, madirisha mawili, sinki lake mwenyewe, na mwenye nyumba akakubali kumngojea mpaka mwisho wa Oktoba. Yeye na mumewe Barthélemy, aliyekuwa akipakia maboksi katika ghala moja la Mobeni, walikwangua kila walichokuwa nacho. Wakapungukiwa kidogo tu.

"Imebakia eight hundred rand," alimwambia mumewe. "Na ile pesa ya mtandao itaijaza. Tutakuwa na kwetu, Papa Larissa. Vraiment, kweli kabisa."

Hiyo pesa ya mtandao haikuwa ndoto. Nigel, mwanafunzi wa kompyuta kutoka Kenya ambaye dada yake alisukwa na Sikujua, alikuwa amemtengenezea tovuti mwaka uliotangulia. Sikujua aliijaza picha za misuko, akaeleza hatua kwa hatua, kwa Kiswahili na Kifaransa, jinsi ya kuanza mstari, jinsi ya kutibu ngozi ya kichwa iliyochoka. Wanawake wa Lubumbashi, wa Bujumbura, hata wa Dar, walikuwa wakimwandikia asante. Pembeni Nigel aliweka matangazo ya biashara za watu. Msomaji akibonyeza tangazo, kampuni ya matangazo inamwekea Sikujua senti kadhaa. Zikifika dola mia moja, ambazo wakati ule zilizidi kidogo rand mia nane, analipwa.

"Ila mama, nakuomba," Nigel alimwambia siku ile ya kwanza, "matangazo ya kwako usiyabonyeze. Hata mara moja."

"Sharp, nimesikia," alijibu Sikujua, mikono imo kwenye kichwa cha mtu.

Aliyasikia maneno yale kama mtu anavyosikia "usiegemee ukuta." Kufikia Septemba tovuti ilikuwa imemwingizia dola sabini na moja, na kila moja ilitoka kwa mgeni asiyemjua. Hilo likumbukeni, maana ndilo linaloniuma mpaka leo.

Oktoba ilipoingia, dola zikawa zinatambaa. Sabini na mbili. Sabini na mbili na senti. Sikujua akaitazama ile tovuti kwa jicho la msusi, akaona nini? Akaona kiti kitupu. Tangazo lisilobonyezwa ni kiti kisichokaliwa! Basi akafanya alichofundishwa na mji huu. Alisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, akingoja kuvuka, akabonyeza. Alipokuwa akingoja maji yachemke, akabonyeza. Akamwita Tina, rafiki yake aliyemkalia kiti mara nyingi, naye akabonyeza kwa simu yake. Barthélemy akabonyeza kila mapumziko ya mchana kule Mobeni, akawafundisha na wenzake wawili. Wala hawakujificha. Walicheka, wakaulizana kila jioni imefika ngapi. Tarehe ishirini na mbili ilifika dola tisini na nane.

Tarehe ishirini na tatu ikaja barua ya kampuni.

Nigel ndiye aliyemsomea, pale pale saluni, kwa sauti ya chini. Akaunti imefungwa kwa mibonyezo isiyo halali. Fedha zote zinarudishwa kwa wenye matangazo. Anaruhusiwa kukata rufaa mara moja.

"Zote?" akauliza Sikujua. "Hata zile sabini na mbili?"

"Zote, mama."

Sikujua akaweka kitana chini. "Miye mwizi? Miye? Ni nani aliyeniita mwizi? Iko wapi ofisi yake niende nimuone uso?"

"Hakuna ofisi ya kwenda, mama. Nilikuambia usibonyeze." Kijana wa watu alitaka kulia. Akamweleza polepole: yule aliyeweka tangazo analipa kwa kila mbonyezo. "Chukulia ni muuza nywele kule Chatsworth. Ameweka pesa yake apate wateja. Wewe unabonyeza, Tina anabonyeza, Baba Larissa anabonyeza, hakuna hata mmoja anayenunua. Pesa yake imekwisha na duka halijaona mtu."

Sikujua alimjua vizuri muuza nywele wa Chatsworth, alikuwa akinunua kwake kila mwezi, mzee mmoja mpole anayemwongezea pakiti ya bure. Hakuwahi kufikiri kwamba nyuma ya tangazo kuna mtu anayetoa mfukoni. Aibu ikampanda mpaka masikioni, na aliisema kwa mdomo wake: "Basi hapo nilikosa. Nilimwibia mtu bila kujua." Halafu hasira ikarudi. "Lakini zile za mwanzo sikuzigusa! Wanipige kwa kosa langu, sawa. Jasho langu walinyang'anyie nini?"

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nauliza na mimi: mashine iliyojua kwamba ishirini na sita zilikuwa mbovu ilishindwaje kujua kwamba sabini na mbili zilikuwa nzima?

Nigel akamshauri kwa wema wake. "Kwenye rufaa sema hujui nani alibonyeza. Wengi husema hivyo."

"Nidanganye tena? Eish, hapana. Andika yote."

Nigel akaandika yote, Sikujua akisema. Alieleza siri ya kiti, akamtaja mumewe, akasema alionywa na hakusikia, akaomba msamaha kwa wenye matangazo mmoja mmoja. Mwisho akaomba wamkate dola ishirini na sita, hata waongeze na faini, wamwachie zilizobaki kwa sababu alizitolea jasho. Ilikuwa barua ya kurasa mbili, na Nigel alipomaliza kuitafsiri aliondoa miwani akaifuta.

Jibu lilikuja baada ya siku nne, mistari mitatu. Wamepitia rufaa yake. Uamuzi haubadiliki. Wasiandikiwe tena. Mwanamke kawafungulia moyo wake kurasa mbili, na wao hata jina lake hawakuliandika! Akina sisi tukikosa tunaambiwa sheria ni sheria, tukisema kweli tunaambiwa msituandikie.

Tarehe thelathini na moja ilipita. Chumba chenye madirisha mawili kilichukuliwa na mtu mwenye pesa mkononi, na mtu huyo alikuwa nani? Mama Zilpah! Alikuwa akipanua biashara. Viti vitano vipya, vioo mpaka dari.

Asubuhi ya kufungua alimfuata Sikujua kwenye kiti chake cha kukodi, uso umejaa tabasamu.

"Sikujua, mama, njoo kule ng'ambo ukae kidogo. Viti ni vipya, wateja bado hawajajua. Mkae wewe na Tina, watu wakipita waone kumejaa. Nitawaletea soda."

Tina alikuwa amekwisha kusimama. Sikujua alimgeukia Mama Zilpah.

"Kwenye kile chumba?"

"Ndiyo, pale karibu na dirisha."

"Mama Zilpah, kwa heshima yako," alisema Sikujua, "kazi ya kujaza kiti kwa uongo miye niliifanya, nikanyang'anywa chumba hicho hicho. Weye unaifanya kila siku, umepewa funguo zake. Kiti chako kitakaa bila miye."

Akatia vitana vyake mfukoni, akabeba kiti chake cha plastiki, alichokinunua mwenyewe, akashuka ngazi. Alikiweka kwenye lami chini ya saluni, kati ya muuza maparachichi na fundi simu, akakipangusa kwa kanga.

Tina alishuka akimkimbilia. "Ngoja nikukalie, ndugu yangu. Kiti iko tupu, watu watapita."

"Wapite," alisema Sikujua. "Usikae."

Wakasimama wawili, kila mmoja upande wake wa kiti, mpaka jua likafika utosini.