Mkanda wa Mashine ya Karanga

Mimi si mtu wa kushangazwa. Niliishia darasa la pili, lakini leo, mwaka huu wa 1975, nina mashine ya kusaga hapa Ruangwa na lori langu mwenyewe, kwa jasho langu. Hata hivyo, nikisikia harufu ya maganda ya karanga yaliyopata moto, narudi kwenye banda la kampuni ya karanga ya Waingereza pale Nachingwea, nina miaka minane, mdomo wazi.

Mjomba wangu, aliyetulisha mimi na mama, alikuwa amerudi kutoka vita vya Bama, kule Asia Waingereza walikowapeleka askari wetu, akapata kazi kwenye mashine ya kubangua karanga. Kila jioni alisimulia vita, na mama akitaka kutia neno anamkata, "Dada, haya hujayaona." Mama anachochea kuni.

Ijumaa moja tulimpelekea chakula. Alikuwa ametoka msikitini moja kwa moja hadi kazini bila kuvua kanzu, maana alipenda watu waone ilivyonyooka kwa pasi. Alipoinama kuzoa karanga, mkanda unaozungusha mashine ukainyaka kanzu, ukaanza kumvuta. Wanaume walipiga kelele tu. Fundi wa injini, aliyejua peke yake kuizima, alikuwa bado msikitini. Mama akaweka chakula chini, akanirushia kanga yake ya juu, akashika mpini wa koleo na kuusukuma mkanda kwa ubavu hadi ukachomoka kwenye gurudumu. Kanzu ilichanika mpaka kwapani, mkono ukabaki mzima. Mjomba alivikunja vidole kimoja kimoja, anacheka huku analia.

"Umejifunza wapi haya, dada?"

"Vitani."

"Vita gani, na wewe?"

"Mlipopelekwa Bama, kaka, mashine za katani kule Lindi ziliendeshwa na majini? Banda zima tulikuwa wanawake. Kula, ugali unapoa."

Tangu jioni ile mjomba akifika katikati ya masimulizi ya Bama alikuwa akisema, "Haya dada, na ya kwako." Majirani wakasikiliza, nami nikalala kwa raha.

Siku hizi vita vile vikitajwa, watu wanakumbuka wanaume tu. Mimi mashine yangu nimewapa wanawake wawili waiendeshe, na waliocheka sasa wanapanga foleni. Mama alipokuja kuiona nilingoja sifa. Aliutazama mkanda ulio wazi, akasema, "Zima kwanza, mwanangu. Hawa nao wana watoto." Nikazima, nikamwita fundi auzungushie wavu wa chuma. Wavu, ufundi na siku tatu bila kusaga vilinigharimu shilingi elfu mbili mia nne na themanini.