Filimbi ya Babu

Binti yangu aliponipigia simu kuniambia kwamba mtoto wa pili, aliye tumboni, naye ni wa kiume, nilikuwa jikoni kwangu Lanham, huku Marekani, nakata sukuma wiki. Niliweka kisu chini nikaimba. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya babake, na wa pili jina la baba ya mamake, kwa hiyo zamu ilikuwa imenifikia. Na mimi mwenyewe jina langu ni la babu yangu aliyemzaa baba. Yaani mzee yule alikuwa anarudi mara ya pili, safari hii na pasipoti ya Marekani!

Ndipo binti akaniharibia wimbo. Huyu binti alizaliwa huku. Kiswahili anakielewa chote, hata kile nisichotaka akielewe, lakini hujibu kwa Kiingereza. Alisema hataki kumpa mtoto jina tupu. Anataka hadithi ya mwenye jina, aiandike kwenye daftari, ili mtoto akija kuuliza asikose jibu. Nikamwambia hadithi anaijua: babu alipigana msituni wakati wa Mau Mau, akamnyang'anya kibaraka wa mkoloni filimbi yake, na filimbi ndiyo hiyo iko kabatini kwangu. Akasema hiyo ni sentensi moja tu. Alipigana wapi? Na akina nani? Nini kilimpeleka huko? Nilimjibu kwa ukali kwamba watoto wa siku hizi hawatosheki. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, na jambo hilo lilinikera.

Kazi yangu iko Springfield, ng'ambo ya mto. Ninamtunza mzee mmoja Mzungu aliyevunjika nyonga. Ninamwogesha, ninamlisha, ninamgeuza kitandani. Sebuleni kwake kuna picha ya babu wa babake, kijana mwenye ndevu za kuhesabika na koti la jeshi, aliyepigana upande wa Kusini katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Kila Jumamosi binti ya mzee huja na supu pamoja na ugomvi. Kuna shule huko karibu iliyokuwa na jina la jemadari wa Kusini, jina likabadilishwa, na ingawa imepita miaka wale wawili bado wanaigombania. Mzee husema vita vilikuwa vya kodi, vya haki za majimbo, vya mtu kulinda mlango wake. Babu huyo alikuwa maskini, hakumiliki binadamu yeyote. Binti husema vilikuwa vya utumwa, basi. Jumamosi iliyofuata simu ya binti yangu, binti ya mzee alikuja na nakala ya wosia wa ukoo wao, ambamo farasi wawili na mwanamke mmoja na watoto wake wameandikwa kwenye mstari mmoja. Mzee akasema hao walikuwa wa ami yake babu, si wa babu. Na mimi Mwafrika nimesimama hapo katikati, na bakuli la uji.

Katika kazi hii usibishane na mgonjwa wala na jamaa zake. Nimetukanwa na watu waliosahau hata majina ya wake zao, nikatabasamu, nikawabadilisha nguo. Lakini Jumamosi ile binti alipoondoka, mzee alinigeukia akaniuliza kama mimi naona anapaswa kuona haya kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kumwona kwa macho. Ningesema sijui, yangeisha. Lakini bado nilikuwa na raha ya lile jina. Nikamwambia kwamba hata kwetu ndugu waligeukiana, wengine wakaingia msituni kudai ardhi, wengine wakashika bunduki za mkoloni, na babu yangu, namshukuru Mungu, alikuwa upande wa haki. Nilijinyoosha nikisema hayo, kifua mbele. Mzee hakukasirika. Aliniuliza tu ni nani aliniambia.

"Baba yangu," nikamjibu.

"Hata mimi niliambiwa na baba yangu," akasema, kisha akafungua mdomo apewe uji.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda ibadani, nilimpigia shangazi. Huyu ni dadake baba, na ndiye pekee aliyebaki wa kizazi kile. Ana miaka themanini na kitu, na mimi huniita baba. Ndiyo mila: nimebeba jina la babake, basi mimi ni babake. Nikienda nyumbani hunipa kiti kizuri kuliko vyote, halafu hunidai peremende kama katoto, na nisipomletea hununa. Tumetaniana hivyo maisha yangu yote. Nilimwuliza babu alikuwa msitu gani, Nyandarua au Mlima Kenya. Badala ya kujibu, akauliza kama baba yangu alikufa bila kuniambia. Kuniambia nini?

"Hukuwa msituni, baba," akasema. "Ulikuwa ngomeni. Filimbi ilikuwa yako."

Akanieleza polepole, na hakuacha kuniita baba. Watu walikuwa wamehamishwa kwa nguvu, wakasongamanishwa katika kijiji kimoja chini ya ngome ya askari wa chifu, na babu alikuwa mmoja wa askari hao. Kila alfajiri alipanda mnarani akapuliza filimbi. Wanawake wakaacha uji mekoni, wakashika majembe wakaenda kuchimba handaki la kuzunguka kijiji, ili waliokuwa msituni wasipate njia ya kupelekewa chakula. Aliyechelewa alichapwa. Nyanya yangu, mke wake babu, naye alichimba. Shangazi mwenyewe, mtoto wa miaka minane au tisa, alibeba udongo kwa karai. "Ulitupulizia hata sisi," akasema, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi. Nikamwuliza, "Kwa nini nilifanya hivyo?" Ndivyo nilivyosema, haki ya Mungu, kana kwamba ni mimi niliyekuwa pale juu.

Akanipa sababu tatu, na hazikai pamoja. Kwanza alisema watu wa msituni walimuua kaka yake babu kwa kukataa kula kiapo chao. Baadaye akasema chifu alimpa siku moja tu achague, ngome au kizuizini. Halafu, nilipodhani amemaliza, akaniuliza shamba letu liko wapi. Shamba letu ni tambarare, lipo kando ya barabara, na kisima kiko hapo hapo. Na la jirani? La jirani liko kwenye mteremko ambao ng'ombe akiteleza utamwokota mtoni. Akasema ardhi ilipogawanywa upya, wale wa msituni na wa kizuizini hawakuwepo kuonyesha mipaka yao. Kahawa ya shamba lile ndiyo iliyonisomesha hadi nikafika huku. Mteremko ule nimeuona tangu nijue kutembea, na sikuwahi kuuliza swali hata moja.

Nikaanza kumtetea babu. Huenda hakumchapa mtu kwa mkono wake. Alilazimishwa. Ana watoto, afanye nini? Alikuwa analinda mlango wake. Hapo nikasita, maana maneno hayo nilikuwa nimeyasikia jana yake Springfield, nikayacheka moyoni. Mkuki kwa nguruwe! Shangazi akasema nisijitese, mambo hayo yalikwisha, akaniuliza ni lini namletea peremende zake.

Sikwenda ibadani. Nilikaa na ile filimbi mkononi, na jambo moja likanirudia ambalo miaka yote nilikuwa nikilisimulia kama kichekesho. Nilikuwa na miaka kama saba. Babu alikuwa amekwisha kufa, nami nikaiiba filimbi kwenye sanduku la nyanya, nikasimama langoni nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Jirani yetu wa kule mteremkoni, bibi mmoja mzee, alikuwa anapita na mzigo wa kuni mgongoni. Aliutupa mzigo, akakimbia kwake, akarudi na jembe, akasimama kando ya njia huku anahema, macho chini. Mimi nilicheka. Nilidhani ananichezea, nikapuliza tena ili acheze tena. Baba alitoka nyumbani akanichapa, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu, kisha akaenda akaokota zile kuni moja moja, akambebea yule bibi hadi kwake. Kwa miaka hamsini nimeamini nilichapwa kwa kuchezea kumbukumbu ya shujaa.

Alasiri binti yangu alikuja na tumbo lake na daftari lake. Alikwenda moja kwa moja kabatini akaitoa filimbi, akasema ataitundika juu ya kitanda cha mtoto. Akaipeleka mdomoni.

"Usipulize," nikamwambia.

Nikamweleza yote. Nilimweleza vibaya, nikiruka huku na kule, nikirudi nyuma. Nilimwambia sijui kama babu alikuwa mbaya au mwoga, au alikuwa mtu tu aliyefiwa na kaka. Sijui sababu ipi ya shangazi ndiyo ya kweli, na sijui mimi ningechagua nini nikipewa siku moja. Nilimwambia pia lile nililoogopa kuliko yote: kwamba sasa ana haki ya kumpa mtoto jina jingine, na sitamlaumu, lakini jina hilo ni langu pia, na akiliacha nitahisi ameniacha na mimi. Nililia, sikuficha. Binti aliweka mkono juu ya tumbo. Kisha akasema kwa Kiingereza chake kwamba jina atampa, kwa sababu yangu, na kwamba mtoto atasimuliwa kila kitu, pamoja na mnara na handaki. Filimbi akairudisha kabatini. Nilipumua kama niliyetua gunia.

Akafungua daftari akaandika, kurasa mbili nzima, akiniuliza hiki na kile. Alipofika mahali fulani akainua kalamu, akaniuliza kwa Kiswahili, jambo ambalo hafanyi.

"Na yule bibi wa kuni, jina lake nani?"

Tuliishi naye ua kwa ua hadi nikatoka nyumbani. Nimekula viazi vyake vitamu jikoni kwake. Jina la aliyempulizia filimbi tunalo wawili, na wa tatu yuko njiani. Lake silijui. Nilimwambia hivyo binti yangu, naye akaacha mstari mmoja mtupu katikati ya ukurasa, akaniambia nitafute.