Tulisema ni Salfa

Ninaandika haya nikivuta pumzi bila kushika ubavu, na kwa hilo peke yake Mungu anastahili sifa kabla sijafika mbali. Wanajumuiya wenzangu wa hapa Nambambo waliniomba nisimame baada ya sala niseme kwa dakika tano. Nilisimama, nikaziona sura za watu ambao nusu yao walinishauri ovyo, nikakaa. Nikaona heri niandike.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa njia. Baada ya kidato cha nne sikukaa sehemu moja mwaka mzima. Nimechimba mawe Tunduru, nimeuza samaki wakavu Lindi, nimebeba saruji Mtwara. Nikifika kule nakumbuka nyumbani hadi machozi, nikirudi nyumbani nakumbuka kule. Mke wangu, Skolastika, alishanizoea. Akiniona nafua mashati mawili siku isiyo Jumamosi, anajua naondoka.

Ila msimu wa mikorosho ulikuwa wa kaka yangu Damasi. Kila mwaka tulivuka kwenda upande wa Ruangwa, kijiji kimoja cha Chunyu, kupuliza salfa kwenye mashamba ya watu. Yeye anabeba mashine mgongoni, mimi najaza unga. Salfa ni unga wa njano wa kuzuia ukungu uitwao ubwiriunga kwenye maua ya mikorosho. Unaingia machoni, puani, hadi kwenye uji. Ukipuliza wiki mbili unakohoa, na ukilalamika utaambiwa unywe maziwa.

Hapo ndipo lilipo kosa letu watu wa huku, na bado linanichoma. Mpuliza mikorosho akikohoa, hakuna anayeuliza. Jibu liko tayari: salfa hiyo. Mwenye shamba anasema salfa, mwenye duka la dawa anasema salfa, hata bibi anayeuza vitumbua stendi anasema salfa.

Damasi alianza kukohoa msimu mmoja, ukaisha, ukaja mwingine, bado anakohoa. Alikuwa sauti ya nne kwenye kwaya, sauti ya kutetemesha benchi. Ikafika mahali anaanza wimbo nasi, katikati anatoka nje ameshika mdomo, anarudi wakati wa matangazo. Nilimwambia mara moja tu aende hospitali.

"Kwa ajili ya vumbi?" akaniuliza. "Wewe mbona unakohoa pia, umekwenda?"

Kweli nilikuwa nakohoa, na sikuwa nimekwenda. Ndugu wawili wenye akili timamu, tumekaa kwenye mkeka mmoja, tunapokezana kukohoa na kupeana maziwa.

Alikufa mvua zilipokaribia kukatika, asubuhi, amekaa, beseni mbele yake. Damu iliyotoka sitaielezea, mkewe Agripina anaweza kusoma haya. Damasi ndiye aliyenilea baada ya wazazi kufa. Nilimfumba macho kwa mkono huu ninaoandikia, na wakati namfumba nilikuwa nakohoa.

Kwenye mazishi walikuja watani wetu kutoka Mbwemkuru. Sisi Wakristo huku ni wachache, majirani zetu wengi ni Waislamu, na msibani hilo halina maana yoyote. Mtani ni mtani. Anaweza kumcheka marehemu mbele ya jeneza na hukasiriki. Mama Zuhura, mtani wetu mkubwa, alivaa kofia ya Damasi, akajifunga ndoo mgongoni kama mashine ya salfa, akaanza kuzunguka uwanja amejikunja, anakohoa.

"Msinipeleke hospitali!" akapiga kelele kwa sauti nzito ya Damasi. "Ni salfa tu hii! Agripina, lete maziwa! Yakiisha ya ng'ombe, kamua mbuzi!"

Watu walicheka huku wanalia. Agripina mwenyewe alicheka. Nami nikacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kukoma. Niliinama, nikatema kwenye leso. Ulikuwemo uzi mwekundu.

Mama Zuhura akasimama na ndoo yake mgongoni. "Mtani," akasema, sasa kwa sauti yake, "mimi naigiza. Wewe je?"

"Ni salfa," nikajibu.

"Salfa ya masika? Nani anapuliza mikorosho kwenye mvua?"

Katika watu wote waliosali nasi, kula nasi na kutushauri, aliyenipa hesabu hiyo ndogo ni mama aliyejifunga ndoo. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia marehemu, nikajikasirikia mwenyewe kwa miezi kumi yote niliyokuwa nakohoa.

Kesho yake Skolastika alinipeleka hospitali Nachingwea. Sikubembelezwa. Nilikuwa nimekonda hadi mkanda ulitobolewa matundu mapya mawili kwa msumari. Usiku nilikuwa natoka jasho shuka linaloa, na hilo nalo nilisema ni joto. Daktari, kijana mpole, aliniuliza, "Baba, unakohoa tangu lini?"

"Tangu msimu."

"Msimu ni mwezi gani?"

Mke wangu akajibu kabla yangu. "Wa sita mwaka jana, daktari. Huyu kalenda yake ni mikorosho."

Nilipewa kikopo nitoe makohozi. Majibu: kifua kikuu. Si salfa, si kurogwa, si laana ya ukoo. Kifua kikuu, kinachotibika, na dawa zake hazilipiwi. Niliposikia kwamba dawa ni bure nililia kuliko nilivyolia kaburini. Kaka yangu amekufa kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa kabatini, safari ya asubuhi moja kutoka kitandani kwake!

Nesi alinieleza: vidonge vinne kila asubuhi, miezi sita, bila kuruka hata siku moja. Ukiacha katikati, wadudu wanakuwa sugu na unarudi mbaya kuliko mwanzo. Mkojo utakuwa mwekundu kama chai ya rangi, usiogope. Na wote waliokaa na mimi au na marehemu waje wapimwe. Skolastika na watoto walipimwa, wakaonekana salama. Shemeji Agripina alikataa.

"Mimi nimeshika mashine lini?" akasema. "Niacheni na msiba wangu."

Tukamwacha. Ona tena tulivyo wapumbavu.

Wiki za kwanza zilikuwa mateso. Kichefuchefu, viungo vinauma, kila kitu mdomoni kina ladha ya chuma. Wageni nao hawakunipunguzia. Mmoja wa jumuiya alikaa mwisho kabisa wa benchi, kitenge puani, akaniuliza, "Ndugu, umewahi kujiuliza ulimkosea nani?" Nikamjibu nimeyakosea mapafu. Mwingine alileta maji ya kuombea, akataka niache vidonge nionyeshe imani. Skolastika alimpokea maji, akamshukuru, akanipa niyatumie kumezea vidonge, palepale, mgeni anatazama. Huyo ndiye mke niliyepewa, na mimi nilikuwa namwacha kila mwaka nikachimbe mawe.

Nilisali pia, ila si sala nzuri. Nilimwambia Mungu, "Kumchukua mmoja sawa, lakini kwa nini umchukue aliyekuwa anajua kuimba?" Hakunijibu. Asubuhi ilifika, vidonge vikawa palepale mezani kwenye kisahani. Siku hizi nafikiri ndivyo alivyonijibu, ingawa wakati ule ningekurushia kisahani hicho kama ungeniambia hivyo.

Wiki ya saba nikapata nguvu. Nikawa nakula ugali mkubwa, kikohozi kimekata. Na maua ya mikorosho yakatoka. Mzee Abdala wa Chunyu, tuliyempulizia miaka yote, akanipigia simu: "Mwanangu, Damasi hayupo, na wewe pia unanitupa?" Nililisikia jina la kaka, nikakumbuka ile njia, nikaona siwezi kukaa. Nikafua mashati mawili. Nilimwambia mke wangu ni wiki moja, nikachukua vidonge vya wiki moja.

Wiki ikaisha, vidonge vikaisha, shamba halikuisha. Nilijiambia nimepona. Siku ya nne bila dawa, mashine inanguruma mgongoni, niliona mtu amesimama katikati ya safu ya mikorosho, amejifunika kanga puani. Alikuwa Skolastika.

"Zima!" alikuwa anasema. Nikazima.

"Mama Teddy, umekujaje?"

"Nimepanda basi, nimepanda pikipiki, nimetapika mara mbili. Nesi amepiga simu anakuulizia, nimeona aibu kumwambia hulijui unalolifanya. Meza."

"Maji yako wapi?"

"Maji tafuta mwenyewe! Dawa nimeleta mimi, na maji pia nibebe?"

Mzee Abdala akaja mbio. Akasikia habari yote, kwa sababu mke wangu hakupunguza sauti. Mzee akanigeukia.

"Una dozi ya kifua kikuu," akasema, "na unakula sahani moja na wajukuu zangu, na hujaniambia?"

Nilitaka kusema nesi aliniambia siambukizi tena. Nilikuwa sijui tena kama ni kweli, maana nilikuwa nimeacha dawa siku nne.

"Baba Teddy," mke wangu akasema, sasa polepole, na hapo ndipo nilipoogopa. "Umeondoka kwenda Tunduru, nimekaa. Umeondoka kwenda Mtwara, nimekaa. Kuondoka kwako kote nimekula kimya. Lakini huku unakotaka kwenda sasa, siwezi kukufuata nikakurudisha kwa pikipiki."

Nilimeza vidonge vinne kwa maji ya ndoo ya kuchanganyia uji, mbele ya mzee na wajukuu zake. Mzee Abdala mwenyewe alinivua mashine mgongoni. "Nenda ukamalize," akasema. "Mikorosho hii aliipanda baba yangu. Haina haraka."

Nesi hakunikaripia, na ingekuwa afadhali angenikaripia. Alinipima tena makohozi, akanishikisha kikopo. Siku tatu nilisubiri majibu bila kula. Yakaja safi. Zile siku nne zikaongezwa mwishoni, nikaanza kuja kumeza pale pale hospitali, anaangalia, kama mtoto. Nilimaliza dozi korosho zikiwa zinaokotwa.

Nawashukuru. Namshukuru Mungu ambaye nilimsemea vibaya. Namshukuru mke wangu, na Mama Zuhura, aliyekataa kupokea chochote akasema mtani hashukuriwi. Kwako unayesoma: ukikohoa zaidi ya wiki mbili, kapime. Usiulize mwenye duka, usiulize shangazi, usiniulize mimi. Nenda katoe makohozi. Ukishaanza dawa usijipe cheti cha kupona. Na ukimwombea mgonjwa, mwombee akiwa na kidonge mkononi.

Shemeji Agripina alikubali kupimwa siku niliyomaliza dozi yangu. Anao ugonjwa uleule. Umeanza, haujafika mbali. Alitakiwa mtu wa kumsimamia kila asubuhi, watoto wake wako mbali, na Skolastika akanitazama mimi. Kwa hiyo kila siku saa kumi na mbili na nusu niko kwenye kibaraza cha shemeji na kikombe cha maji. Ni mbishi huyo mwanamke! Leo ana kichefuchefu, kesho anasubiri uji upoe, keshokutwa amesahau nilimwambia nini jana. Jamaa wa Tunduru wananipigia kuna kazi, nawajibu siwezi, naulizwa kwa nini, nakata simu.

Juzi alivihesabu vidonge kiganjani, kimoja kimoja, akaniuliza, "Shemeji, nikimaliza hizi, utaondoka tena?"

"Sijui," nikasema. "Nimechoka na ubishi wako."

Akatazama upande wa kaburi la Damasi, kisha akavirudisha viwili kwenye kisahani.

"Basi nitameza taratibu."

Nikamwambia ameze vyote, saa hii, nisije nikamwita Mama Teddy. Akameza. Nikabaki naye pale hadi jua likapanda.